Wiki za Kwanza JKT kwa Mujibu wa Sheria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, orodha ya wahitimu wa kidato cha sita wanaotakiwa kisheria kwenda mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ikishatoka, maswali ni yale yale. Mengine yanatoka kwa vijana, mengine kwa mama zao, na machache kwa akina baba ambao wao walikwenda zamani na sasa wanamtisha mtoto kwa makusudi. Majibu haya ni ya mtu aliyepitia kambini na ambaye amekuwa akiwaandaa wadogo zake na watoto wa jirani. Taratibu hutofautiana kikosi hadi kikosi, kwa hiyo tangazo la JKT la mwaka wako likisema tofauti na mimi, fuata tangazo.

Nimeona jina langu kwenye orodha. Nianze na nini?

Anza na karatasi. Wengi huanza na kutafuta raba za kijani Kariakoo, wakati raba utazipata hata asubuhi ya safari. Karatasi hazipatikani hivyo.

Ukiwa kambini ndipo matokeo ya kidato cha sita yanatoka, ndipo dirisha la udahili wa vyuo vikuu linafunguliwa, na ndipo Bodi ya Mikopo (HESLB) inapokea maombi. Hayo yote yanataka nyaraka, na nyaraka zinataka muda. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama cheti chako kina herufi moja tofauti na jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, hilo ni jambo la kushughulikia leo. Fomu ya mkopo inataka mdhamini na kitambulisho chake, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na saini ya wakili au hakimu. Mwenyekiti wa mtaa hapatikani ukiwa umesimama kwenye mstari wa uji huko kambi ya Rwamkoma.

Kisha chagua mtu mmoja nyumbani, dada, mjomba, yeyote anayejua kutumia kompyuta na asiyesahau mambo, umwachie nakala za kila kitu: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba zako za mtihani, picha ndogo, namba ya akaunti ya benki, na nywila ya barua pepe yako. Mwambie unataka kozi gani na vyuo gani, kwa mpangilio, kwa maandishi. Ukimwachia kwa mdomo utakuja kukuta umeombewa kozi anayoipenda yeye.

Nibebe nini?

Tangazo la JKT hutaja vifaa vyenyewe, na kwa miaka mingi havijabadilika sana: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayoishia magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti ya kijani au bluu, nguo za baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi, nyaraka za udahili, na nauli ya kwenda na kurudi.

Hayo ni ya lazima. Ambayo tangazo linaweza lisiyataje lakini utayalilia ni haya: kufuli imara, ndala, ndoo, chandarua, sabuni ya kipande (ya unga inamwagika na kuibiwa), kiwi na brashi, sindano na uzi, kikata kucha, tochi ndogo, mafuta ya kujipaka, na kalamu mbili. Chukua nguo za ndani nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu kuna siku utafua na jua halitatoka.

Usibebe vito, saa ya bei, wala mto wa manyoya. Na tafadhali, usibebe sanduku la magurudumu. Kambini hakuna lami ya kulikokota.

Nauli ya kurudi naiweka wapi?

Ishone ndani ya nguo au ikabidhi kwa utaratibu wa kikosi kama upo. Usiichanganye na pesa ya kantini. Andazi na soda vimewaacha wengi wakipiga simu nyumbani siku ya kufunga mafunzo.

Nimepangiwa kambi ya mbali na baridi nasikia ni kali. Naweza kuhamishwa?

Chukulia kwamba utakwenda ulikopangwa. Kijana wa Tanga kupelekwa Kigoma na wa Kigoma kupelekwa Tanga ni sehemu ya jambo lenyewe. Tangu mwanzo nia ilikuwa vijana wachanganyike. Ukiwa na sababu ya kweli, hasa ya kiafya, wasiliana na Makao Makuu ya JKT kwa njia zilizotajwa kwenye tangazo.

Yeyote anayekwambia kwamba kwa kiasi fulani "atakusogeza" kutoka Mafinga kuja Ruvu ni tapeli. Hujitokeza kila mwaka, wana picha za sare kwenye wasifu wao na wanaandika kwa herufi kubwa. JKT wenyewe wamekuwa wakiwaonya watu juu yao.

Kuhusu baridi: Juni na Julai ndiyo miezi yake. Mafinga mkoani Iringa, Itende mkoani Mbeya, Luwa na Milundikwa mkoani Rukwa, huko sweta moja halitoshi, na maji ya kuogea alfajiri yanauma mfupa. Ruvu na Kibiti, mkoani Pwani, utalalamikia mbu na joto la mchana. Makutupora na Mpwapwa, Dodoma, ni vumbi, upepo na midomo kupasuka. Bulombora iko mwambao wa Ziwa Tanganyika, na waliokwenda huko hujisifu kwa mandhari kana kwamba walilipia.

Siku ya kuripoti inakuwaje?

Mistari. Mstari wa kuandikishwa, mstari wa kukaguliwa mizigo, mstari wa vipimo vya afya, mstari wa kunyolewa. Fika mchana, usifike usiku, maana kambi nyingi ziko mbali na stendi na bodaboda za usiku hupandisha bei wakikuona na begi. Kula kabla hujaingia getini.

Getini utaanza kukimbizwa. Hakuna kutembea: unaitwa, unakimbia, unatumwa, unakimbia. Wengi hudhani wamekosea kitu. Hujakosea. Kuruta, yaani mwanafunzi mpya wa kambini kama wewe, hatembei, basi.

Utapewa kombania (kundi kubwa), platuni (kundi dogo ndani yake) na hanga, yaani bweni la kulala. Shika haraka jina la kombania yako na la kiongozi wa platuni, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ukipotea njia ni hilo.

Simu je?

Kuruta hakai na simu. Ukija nayo itachukuliwa. Iache nyumbani, na namba tatu muhimu ziandike kwenye daftari na uzikariri kichwani. Siku utakayopewa nafasi ya kupiga, simu itakuwa ya mtu mwingine na dakika zitakuwa chache.

Siku moja kambini inaendaje?

Kipenga hulia alfajiri, saa kumi au karibu na hapo, giza likiwa bado nene. Unatandika, unavaa, unakimbilia kwenye mstari na kuhesabiwa. Kisha mchakamchaka: mnakimbia kwa kikosi huku mkiimba chenja, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Mkirudi ni usafi wa mazingira, kuoga kwa haraka, uji. Halafu kwata, yaani mazoezi ya gwaride, hadi mchana, au darasani. Ugali na maharage. Mchana kuna kazi za mikono, yaani fatiki: shamba, kuni, maji, kufyeka, jikoni, ujenzi. Jioni kuna michezo au kwata tena. Chakula, kuhesabiwa, nyimbo, kulala. Usiku mtaamshwa kwa zamu kulinda.

Kinachochosha zaidi wiki ya kwanza ni usingizi. Mazoezi mwili unayazoea upesi kuliko unavyofikiri, lakini kulala saa chache na kuamshwa lindo katikati, hapo ndipo watu wanapokuwa wakali, wanasahau amri, wanagombana kwa ajili ya ndoo. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa kuruta ni kulala kila anaporuhusiwa. Taa zikizimwa, lala. Wale wanaokaa kupiga soga hadi saa sita ndio watakaosinzia darasani kesho, na ukisinzia darasani utaambiwa usimame.

Darasani kuna mengi kuliko watu wanavyodhani: uraia na historia ya nchi, huduma ya kwanza, silaha na namna ya kuzishika kwa usalama, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, stadi za kazi. Somo la ramani huwapendeza sana waliosoma jiografia, na huwashangaza wengine kwamba kumbe ile mistari ya kontua ilikuwa na maana.

Sijawahi kukimbia tangu darasa la saba. Nitaweza?

Utaweza, ila jisaidie. Kuanzia leo tembea haraka nusu saa kila asubuhi, kisha changanya na kukimbia polepole. Usianze na kilomita kumi siku ya kwanza, utaumiza goti na kwenda kambini ukichechemea.

Mchakamchaka si mbio za kushindana. Mwendo wake ni wa wimbo, na wimbo una pumzi ndani yake: unaitikia mguu wa kushoto ukitua, unavuta hewa mwanzishaji akiimba. Ukinyamaza utachoka upesi zaidi kuliko ukiimba. Anayeachwa nyuma mara nyingi huwekwa mbele ili kikosi kifuate mwendo wake, na hilo lisikuaibishe. Kunywa maji ya kutosha jioni na usiku. Ukinywa lita nzima dakika tano kabla ya kukimbia, tumbo litakukumbusha.

Buti zinaniua miguu.

Hili linaangusha watu wengi kuliko woga. Siku ya kugawiwa buti, zijaribu ukiwa umevaa soksi nene, simama, panda na kushuka kwa vidole. Zikibana, sema hapo hapo, kabla ya kuondoka mbele ya mtunza stoo. Wengi huona haya, wanachukua namba isiyo yao, halafu wanatafuta wa kubadilishana naye kwa wiki nzima.

Kata kucha mraba, usizikate kwa kuzungusha pembeni. Kausha katikati ya vidole. Soksi zikilowa usibaki nazo. Badili hata kama ni mchana. Lengelenge likitokea usilipasue kwa mwiba, liache lifunike nyama, likipasuka lenyewe lioshe kwa maji safi na sabuni, lifunge, na uende zahanati ya kikosi likianza kuwa jekundu au kunuka. Waliokwenda zahanati siku ya pili walirudi kwenye kwata baada ya siku chache. Waliojikaza mara nyingi ndio waliokaa kitandani.

Nani ni afande, na naongea naye vipi?

Kila aliyekutangulia kwa sare na cheo ni afande, awe mwanamume au mwanamke. Unasimama mguu sawa, unaitika "Afande!", unasikiliza hadi mwisho, unarudia ulichoagizwa, unaondoka mbio. Usianze na "lakini". Kama una hoja ya kweli, tekeleza kwanza, kisha omba ruhusa ya kusema. "Ruhusa, afande" inafungua milango mingi ambayo sauti ya juu inaifunga.

Usimwite afande "kaka" wala "dada" hata kama ni rika lako na mnatoka kijiji kimoja. Yeye mwenyewe atajifanya hakujui, na ana sababu yake.

Ni kweli kuna adhabu kwa wote akikosa mmoja?

Ndiyo. Mmoja akichelewa mstarini, platuni nzima inaruka kichura. Kuna pushapu, kukimbia kuzunguka uwanja, kufyeka wakati wenzako wanapumzika. Wengi huona ni uonevu, na mimi naona wana haki ya kuona hivyo. Lakini angalia kinachotokea siku ya tatu: watu wanaanza kuamshana, anayevaa buti polepole anafungiwa kamba na jirani, aliyesahau kofia anakumbushwa. Aliyepanga adhabu hiyo alikuwa anatafuta hilo.

Kosa lako ukilikiri mbele ya wenzako kabla halijaulizwa, utaheshimiwa. Ukilificha platuni ikaruka kichura kwa ajili yako, utalala na watu wasiosema nawe.

Chakula kinatosha?

Kinatosha kushiba, hakitoshi kuchagua. Ugali, maharage, wali siku zake, mboga, uji. Ladha ya kupikia watu mamia kwa masufuria makubwa unaijua kama ulisoma bweni. Kula chote hata wiki ya kwanza ambayo hamu haipo, kwa sababu saa nne ya kwata utaihitaji ile sahani uliyoisukuma.

Kama kuna chakula kinachokudhuru kweli, sema siku ya vipimo vya afya. Kutopenda dagaa si ugonjwa.

Maisha ya hangani yakoje?

Vitanda vya juu na chini, sanduku chini ya kitanda, kelele za watu kutoka mikoa yote. Atakuwepo anayekoroma, anayeongea usingizini, na anayesali saa tisa usiku kwa sauti. Waliosoma shule za bweni huzoea kwa siku mbili. Waliosoma kutwa na kulala chumba chao peke yao huteseka zaidi, na si kosa lao.

Vitu hupotea. Vingine huibwa, vingi hubebwa kimakosa kwa kuwa kila kitu ni cha kijani au bluu. Shona alama yako kwa uzi wa rangi kwenye kila nguo, mahali pasipoonekana. Funga kufuli hata unapokwenda kunawa.

Tafuta mapema watu wawili: mmoja jirani wa kitanda, mwingine wa mkoa tofauti kabisa na wako. Wa kwanza atakuamsha, wa pili atakutoa kwenye kikundi cha "sisi wa kwetu" ambacho huanza kujitenga wiki ya kwanza na kuleta ugomvi wiki ya tatu.

Mimi ni msichana. Kuna mambo gani ya kwetu?

Nywele zitakatwa fupi. Ukisuka wiki moja kabla ya kwenda umetupa pesa. Mabweni yenu ni ya peke yenu na kuna matroni. Mjue kwa jina siku ya kwanza.

Beba taulo za kike za kutosha safari nzima, kwani kantini inaweza kuishiwa. Jua pia kwamba mazoezi mazito, mawazo, na kukosa usingizi huweza kuchelewesha hedhi, au kuileta kabla ya tarehe yake. Wasichana wengi hupatwa na hofu kubwa wakikosa mwezi wa kwanza na wanaogopa kuuliza. Kama huna sababu nyingine ya kuhofia, mara nyingi hurudi yenyewe mwili ukizoea. Ikikosekana miezi miwili, au ikija na maumivu makali, nenda zahanati. Ukiwa na maumivu siku zenyewe, mwambie matroni mapema asubuhi, kabla ya kwata. Ukisema katikati ya uwanja utaonekana unadoji.

Sidiria ya michezo inayobana vizuri ni muhimu kuliko raba za bei. Hakuna anayewaambia wasichana hilo.

Nina ugonjwa au natumia dawa. Nifiche?

Usifiche kabisa. Pumu, kisukari, selimundu, kifafa, tatizo la moyo, upasuaji wa karibuni: beba barua ya hospitali, na useme siku ya vipimo. Anayekimbizwa akiwa na selimundu isiyojulikana anaweza kupoteza maisha. Kama una pumu, dawa ya kupuliza iwe mfukoni kila wakati, na jirani yako ajue ilipo.

Anayetumia ARV, dawa za kufubaza VVU, abebe dawa za kutosha na kadi yake ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo), azungumze na mganga wa kikosi faraghani. Afande wa kwata hahitaji kujua ugonjwa wako. Anahitaji kujua tu umepangiwa kazi nyepesi.

Na ukipata homa usijitibu kwa vidonge vya jirani. Kambi nyingi ziko maeneo ya malaria. Kapime.

Nina ulemavu. Nami naitwa?

Ndiyo. Matangazo ya JKT yamekuwa yakiwaelekeza vijana wenye ulemavu unaoonekana kuripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, ambako kuna miundombinu ya kuwahudumia. Soma tangazo la mwaka wako uhakikishe.

Afande akiniamrisha jambo nisilolielewa, nikatae?

Amri ya mafunzo na ya kazi, tekeleza. Kufagia jani lililokwisha kufagiwa ni amri ya kijinga pengine, lakini ni amri.

Kuitwa peke yako usiku, kuombwa pesa, kuguswa, kutongozwa kwa ahadi ya kupunguziwa kazi: hizo si amri, na sare haizigeuzi kuwa amri. Nenda na mwenzako kwa matroni. Matroni asipofanya kitu, mfikie afisa wa kombania, kisha Kamanda Kikosi. Ukipata simu mwambie mzazi. Na polisi wana dawati la jinsia linalopokea malalamiko dhidi ya mtu yeyote. Usikubali kuambiwa kwamba "jeshini ndivyo kulivyo".

Nalia kila usiku na nataka kutoroka.

Uko na wenzako wengi, ila wao wanalia wakiwa wamefunika uso kwa shuka. Kwa kawaida siku mbaya zaidi huwa kati ya ya tatu na ya kumi. Mshangao umekwisha, mazoea hayajaja, na mwisho unaonekana mbali kabisa. Usifanye uamuzi wowote mkubwa ndani ya siku hizo.

Kutoroka ni kosa, tena ni hatari: unatembea porini usiku eneo usilolijua, huna simu, nyumbani hawajui ulipo na kambini wanakutafuta. Kama kuna sababu ya kweli, kama ugonjwa au msiba, omba ruhusa, eleza, na mzazi wako apige simu kikosini. Ruhusa hutolewa kwa shida lakini hutolewa. Kama huzuni imekuwa nzito kiasi cha kutokula, kutolala, au kuwaza kujidhuru, hiyo ni kazi ya mganga, na mwambie leo leo. Anaweza kuwepo pia kasisi, sheikh au afisa anayesikiliza, waulize waliotangulia.

Kwa huzuni ya kawaida, jipe kazi ndogo inayokutoa kichwani: jifunze chenja mpya, omba kuwa msomaji wa orodha ya platuni, ingia timu ya netiboli au mpira. Michezo JKT inachukuliwa kwa uzito. Si bure wana timu Ligi Kuu.

Kwa nini nalima? Nilidhani nakuja kujifunza jeshi.

Kwa sababu jina ni Jeshi la Kujenga Taifa. Lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na jembe lilikuwepo tangu siku za mwanzo. Chita, huko Kilombero, wanalima mpunga. Vikosi vingine vinafuga, vinapanda miti, vinafyatua matofali. SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, limekuwepo tangu 1981.

Na kama unaona wewe ndiye wa kwanza kulalamika, soma habari za Oktoba 1966. Wasomi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga sheria iliyowataka kutumikia miaka miwili, sehemu kubwa yake wakiwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Baadaye muda ukapunguzwa, mwaka 1994 utaratibu ukasitishwa, na mwaka 2013 ukarudishwa ukiwa mfupi zaidi. Wewe unakaa kama miezi mitatu. Baba anayekutisha huenda alikaa mwaka mzima, kwa hiyo mwache ajisifu kidogo.

Mujibu wa sheria na kujitolea ni kitu kimoja?

Hapana. Wa kujitolea huomba kupitia wilaya na mkoa wao, hufanyiwa usaili, na hukaa miaka miwili kwa mkataba. Vijana wa Zanzibar wana pia JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi. Cheti chako cha mujibu wa sheria kitunze. Baadhi ya matangazo ya ajira kwenye vyombo vya ulinzi na usalama hutaka aliyepitia JKT. Ila asikuahidi mtu kwamba kumaliza ni kupata ajira.

Mimi ni mzazi. Mwanangu hapatikani wiki ya pili sasa.

Mama, baba, ukimya huo ni wa kawaida. Simu hana. Kabla hajaondoka ungechukua namba ya kikosi. Kama hukuchukua, itafute kwa njia rasmi za JKT, piga mara moja, taja jina lake kamili na kombania kama unaijua, uulize kama ameripoti salama. Hilo watakujibu.

Usifunge safari bila taarifa kwenda kusimama getini na hotpoti ya pilau. Subiri siku ya kutembelea kama kikosi kinayo, au sherehe ya kufunga mafunzo, ambayo wazazi hukaribishwa. Siku hiyo mnaweza msimtambue kwenye gwaride: amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, na amesimama wima kuliko mlivyomwacha.

Na akipiga mtu akisema mwanao amevunjika mguu, tuma pesa ya hospitali sasa hivi, kata simu. Piga kikosini kwanza.

Matokeo yakitoka nikiwa ndani nitajuaje?

Habari hiyo haizuiliki na geti. Kambi nzima itajua ndani ya saa moja. Mara nyingine maafande wenyewe huyabandika au kuyasoma. Miaka kadhaa maofisa wa Bodi ya Mikopo wamefika vikosini kutoa elimu kuhusu maombi, hivyo siku hiyo kaa mbele na nyaraka zako mkononi. Lakini usitegemee mgeni. Mtegemee yule mtu wa nyumbani uliyemwachia nakala.

Nimeshafika, na cheti cha kuzaliwa nimekisahau nyumbani.

Mwambie afisa wa kombania leo. Omba kupiga simu moja, nyumbani wakiskani kisomeke vizuri, na cheti chenyewe wakitume kwa basi kupitia ofisi ya vifurushi ya mji wa karibu, jina la mpokeaji likiwa la ofisi ya kikosi kama watakavyoelekezwa. Usiwaambie wakimpe dereva wa bodaboda.